Khalid bin Barghash: Sultani aliyesakwa na kifungu cha mkataba kilichomwokoa

Mara kwa mara katika taarifa za habari tunasema kwamba mtu fulani anasakwa na Interpol, au kwamba ametolewa notisi nyekundu. Wengi wakisikia hivyo huona mambo yamekwisha. Hudhani kuna polisi mmoja mkubwa wa dunia nzima, mwenye pingu zinazofika kila mahali, na kwamba aliyetajwa hana tena pa kusemea.

Sivyo. Mtu anayesakwa na nchi nyingine ana haki zake, na baadhi ya haki hizo ni za zamani kuliko Interpol yenyewe. Ili kuzielewa vizuri, leo tunasimulia maisha ya mtu wa hapa hapa kwetu pwani, aliyefariki karibu miaka mia moja iliyopita. Anaitwa Sayyid Khalid bin Barghash. Wanaomfahamu wanamkumbuka kwa vita vya Unguja vilivyodumu kwa dakika 38 tu. Sisi tutazikumbuka pia siku 36 zilizofuata, kwa sababu ndani ya siku hizo ndimo lilimo somo letu.

Mtoto wa Barghash

Khalid alizaliwa Unguja, katika ukoo wa Busaidi uliotawala visiwa hivyo na sehemu kubwa ya mwambao. Baba yake, Sultani Barghash bin Said, alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, jumba kubwa linalotazama bahari pale Forodhani, lililokamilika mwaka 1883. Ndiye pia aliyeuletea mji maji ya bomba. Na ndiye aliyetia saini mwaka 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari.

Ukoo huu ulikuwa na historia ya kugombea kiti. Barghash mwenyewe, akiwa bado kijana, alijaribu mwaka 1859 kumpindua ndugu yake Sultani Majid. Alishindwa, na akapelekwa uhamishoni Bombay, India, kabla ya kuruhusiwa kurudi. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba ambayo mkuu wake alijua maana ya kufukuzwa kwao kwa sababu ya siasa.

Barghash alipofariki, kiti hakikwenda kwa Khalid. Kilikwenda kwa ndugu wa Barghash, kwanza Khalifa, kisha Ali. Wakati huohuo mataifa ya Ulaya yalikuwa yanagawana Afrika Mashariki. Wajerumani walichukua bara, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana, na Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Katika mwaka huohuo Sultani Ali alikubali sharti zito: Uingereza iwe na kauli katika kumteua atakayerithi kiti. Tangu hapo, mtu hakuweza kuwa Sultani kwa damu na kwa ridhaa ya jamaa zake peke yake. Alihitaji pia kibali cha mwakilishi wa Uingereza.

Ali alipofariki mwaka 1893, Khalid alitaka kukalia kiti. Waingereza wakamzuia, wakamweka binamu yake, Hamad bin Thuwaini. Khalid alirudi nyuma, lakini hakusahau.

Dakika 38

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad alifariki ghafla. Mjini kukawa na minong'ono ya sumu. Kabla ya jua kutua, Khalid alikuwa ameshaingia ndani ya jumba la kifalme na kujitangaza kuwa Sultani. Hakungoja kibali.

Balozi mdogo wa Uingereza, Basil Cave, na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, walimwonya atoke. Khalid alikataa. Alikusanya watu wapatao 2,800 kulinda jumba. Miongoni mwao walikuwamo askari, lakini wengi walikuwa raia wa kawaida, watumishi na watumwa. Waingereza nao walikusanya manowari tano bandarini chini ya amri ya Admirali Harry Rawson.

Tarehe 26 Khalid alipewa muda wa mwisho: ashushe bendera na kutoka jumbani kabla ya saa tatu asubuhi ya siku inayofuata. Meli za biashara ziliamriwa kuondoka bandarini. Asubuhi ya tarehe 27 alituma mjumbe kutaka mazungumzo, akajibiwa kwamba mazungumzo yatakuwapo akikubali masharti. Saa tatu ikafika. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza kulia.

Jumba lilikuwa na mbao nyingi, na watu walikuwa wamejazana ndani. Ilipofika kama saa tatu na dakika arobaini, yote yalikuwa yamekwisha. Jumba lilikuwa linawaka moto. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow, iliyoundwa Uingereza enzi za baba yake Khalid, ilizamishwa na Waingereza haohao. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Siku hiyohiyo Waingereza walimweka kitini Hamoud bin Mohammed. Waliomuunga mkono Khalid walitozwa fedha kulipia hasara, pamoja na gharama ya mizinga iliyowapiga wao wenyewe.

Inafaa tuseme jambo moja bila kulizunguka. Khalid hakuwa malaika. Watu walikufa kwa sababu aliwakusanya jumbani na akakataa kutoka, na baadhi yao walikuwa watumwa ambao hatudhani waliulizwa kama wanataka kupigana. Utawala aliotaka kuurithi ulijengwa kwa karafuu na kwa jasho la watumwa. Ilikuwa mwaka 1897, chini ya Hamoud, ndipo utumwa ulipoondolewa katika sheria ya Unguja, tena kwa shinikizo la Waingereza. Lakini haki tunayoizungumzia leo haikuwekwa kwa ajili ya malaika.

Siku 36 ndani ya ubalozi

Khalid na wafuasi wake wapatao 40 walikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, mwendo mfupi tu kutoka jumbani. Wakapokewa. Wanajeshi wa majini wa Ujerumani wakasimama mlangoni kuwalinda. Nje ya uzio, Waingereza wakaweka watu wao na amri iliyo wazi: Khalid akitoa mguu nje ya ubalozi, akamatwe.

Uingereza ikadai akabidhiwe. Hapa ndipo kilipoonekana kifungu cha mkataba.

Mwaka 1872 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kurudishiana wahalifu. Kwa mkataba ule, mtu aliyeiba, aliyeua au aliyeghushi hati katika nchi moja na kukimbilia ya pili, angerudishwa akashtakiwe. Lakini ndani yake kulikuwa na katazo: mtu anayetafutwa kwa kosa la kisiasa hatarudishwa. Katazo hilo halikuwa geni hata wakati ule. Ubelgiji ililiweka katika sheria yake mwaka 1833, na Uingereza yenyewe ikaliweka katika sheria yake ya mwaka 1870. Sababu yake inaeleweka. Mtu aliyegombana na serikali hawezi kutegemea kwamba serikali hiyohiyo itamfanyia haki ikimtia mkononi. Na nchi ya pili haina sababu ya kuwa mnyapara wa ugomvi usiokuwa wake.

Balozi mdogo wa Ujerumani alishikilia katazo hilo. Khalid, alisema, ni mtu wa siasa, na mkataba hauruhusu kumtoa. Aliahidi jambo moja tu: atampeleka Afrika Mashariki ya Wajerumani, bila mguu wake kukanyaga ardhi ya Unguja.

Ahadi hiyo ilikuwa na mtihani wake. Kutoka mlango wa ubalozi hadi baharini palikuwa na ufukwe, na ufukwe ni ardhi ya Unguja. Wajerumani waliitafuta njia, wakaipata kwa bahari yenyewe. Tarehe 2 Oktoba 1896 manowari yao iitwayo Seeadler ilifika bandarini. Maji yalipojaa, mashua ya manowari hiyo ilisogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi. Khalid akatoka bustanini, akaingia moja kwa moja ndani ya mashua. Askari waliomngoja siku 36 walimtazama akienda, kwa sababu hakuwa amekanyaga mahali walipoamriwa kumkamata.

Kila mtu wa pwani anajua maji ya bahari yana saa zake. Siku ile yalimpa Khalid hatua chache alizozihitaji.

Mwenyeji hakuwa mwema

Mtu anaweza kudhani kwamba Wajerumani walikuwa watu wa huruma. Tukumbuke basi mwaka 1889. Abushiri bin Salim, aliyeongoza mwambao kuwapinga Wajerumani, alikamatwa na kunyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Na baada ya Khalid kuhamia Dar es Salaam, Wajerumani haohao walizima vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, kwa risasi na kwa kuchoma mashamba hadi njaa ikaua watu wengi zaidi kuliko bunduki.

Kwa hiyo Khalid hakuokolewa na moyo mwema. Ujerumani ilikuwa inashindana na Uingereza, na kumhifadhi mpinzani wa Uingereza kuliipa faida. Hata hivyo, tamaa peke yake isingetosha kumtoa Unguja salama. Kilichompa balozi yule neno la kusema mbele ya manowari tano ni kifungu kilichoandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili miaka 24 kabla. Uingereza ilikasirika, lakini haikuvunja uzio wa ubalozi.

Khalid aliishi Dar es Salaam miaka karibu 20. Ng'ambo ya maji, Unguja ilitawaliwa na masultani wengine watatu, wa mwisho akiwa Khalifa bin Harub aliyeingia mwaka 1911. Khalid hakurudi.

Pale ulinzi ulipokwisha

Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ilianza Ulaya na ikafika Afrika Mashariki. Mikataba kati ya Uingereza na Ujerumani haikuwa na nguvu tena, kwani nchi hizo mbili zilikuwa zinauana. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam. Katika vita hivyo Khalid aliangukia mikononi mwa watu aliowakimbia miaka 20 nyuma.

Adhabu yake ilikuwa uhamisho. Alipelekwa katika visiwa vya Saint Helena na Seychelles, mbali na watu wake. Hivi vilikuwa visiwa ambavyo Uingereza ilizoea kuwatupia watu wa siasa. Saint Helena ndiko alikofia Napoleon mwaka 1821, na ndiko alikopelekwa mfalme wa Wazulu, Dinuzulu. Seychelles ndiko walikopelekwa Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899, na Prempeh wa Ashanti baada yao. Mwanga alifia huko. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki njiani kabla ya kufika kwao.

Khalid alikuwa na bahati kidogo kuliko wao. Aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akaishi Mombasa. Wakati ule bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa bado inapepea juu ya Ngome ya Yesu, kwa sababu ukanda wa pwani ulikuwa mali ya Sultani kwa jina, ingawa Waingereza ndio waliotawala. Akafariki hapo Mombasa mwaka 1927, chini ya bendera ya ukoo wake, katika mji ambao ukoo huo haukuwa na amri nao tena.

Somo la nusu hii ya pili ni chungu, lakini lazima lisemwe. Haki iliyoandikwa humlinda mtu maadamu wapo wa kuisimamia. Wakiondoka, karatasi hubaki karatasi.

Kutoka ubalozi wa Unguja hadi Interpol

Khalid aliposakwa, Interpol haikuwapo. Polisi wa nchi mbalimbali walikutana kwa mara ya kwanza kuzungumzia ushirikiano Monaco mwaka 1914. Mwaka 1923, miaka minne kabla ya Khalid kufariki, walianzisha tume yao Vienna, Austria. Mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria waliichukua na tume hiyo, na baadaye wakaihamishia Berlin. Fikiria hatari yake: mafaili ya watu wanaosakwa yakiwa mikononi mwa serikali iliyowasaka watu kwa dini yao na kwa asili yao.

Baada ya vita kuu ya pili, shirika lilianza upya. Mwaka 1956 lilipata katiba mpya na jina la Interpol. Leo makao yake makuu yako Lyon, Ufaransa, na lina nchi wanachama 196. Hapa Afrika Mashariki lina ofisi ya kanda mjini Nairobi.

Katika katiba hiyo, kifungu cha 3 kinaikataza kabisa Interpol kuingilia jambo lolote la kisiasa, la kijeshi, la kidini au la ubaguzi wa rangi. Kifungu cha 2 kinaitaka ifanye kazi kwa kufuata moyo wa Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Ukiweka kifungu cha 3 kando ya mkataba wa mwaka 1872, utaona ni ndugu. Kilichomvusha Khalid kwenye lango la bustani kimeandikwa sasa katika sheria ya polisi wa dunia.

Notisi nyekundu ni nini hasa?

Tuifafanue kwa lugha rahisi. Notisi nyekundu ni ombi. Nchi moja, kupitia Interpol, inaziomba nchi nyingine zimtafute mtu na kumshikilia kwa muda, wakati utaratibu wa kumrudisha ukiandaliwa. Nyuma yake lazima kuwe na hati ya kukamata au hukumu ya mahakama katika nchi inayoomba. Lakini notisi yenyewe si hati ya kukamata ya kimataifa. Interpol haina askari wanaozunguka kukamata watu, na haiwezi kuilazimisha nchi imkamate mtu. Kila nchi huamua kwa sheria zake.

Zipo pia notisi za rangi nyingine. Ya njano ni kwa ajili ya watu waliopotea. Nyeusi ni kwa ajili ya maiti zisizotambuliwa. Ya buluu ni ya kukusanya habari kuhusu mtu au mahali alipo. Kwa hiyo mtu akitajwa katika notisi, swali la kwanza ni: ya rangi gani?

Notisi nyekundu haitolewi kwa kosa dogo. Kanuni za Interpol zinataka kosa liwe zito. Kama mtu bado hajahukumiwa, kosa hilo lazima liwe na adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 2 au zaidi. Na kanuni hizo zinakataza notisi kwa ugomvi wa watu binafsi au mambo ya ndani ya familia, isipokuwa nyuma yake kuna uhalifu mkubwa au mtandao wa wahalifu. Hili ni muhimu kwa ndugu zetu wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kutafuta kazi. Kugombana na mwajiri kuhusu mkataba, peke yake, si jambo la notisi nyekundu.

Mfumo huu una faida kubwa. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kugharamia mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, alisakwa kwa zaidi ya miaka 20, akakamatwa karibu na Paris mwaka 2020. Mtu wa namna hiyo hawezi kujificha nyuma ya neno siasa. Mauaji ya halaiki si kosa la kisiasa, na sheria za dunia zimeliweka hilo wazi.

Lakini mfumo huohuo umetumiwa vibaya. Mwezi Novemba 2018 mchezaji wa mpira Hakeem al-Araibi alikamatwa Bangkok, Thailand, akiwa na mkewe katika fungate. Alikuwa mkimbizi aliyepewa hifadhi Australia, na notisi nyekundu ilikuwa imetoka kwa ombi la Bahrain, nchi aliyoikimbia. Kwa utaratibu wa Interpol wenyewe, notisi haipaswi kubaki dhidi ya mkimbizi aliyetambuliwa, ikiwa inaombwa na nchi aliyoikimbia. Notisi ilifutwa, lakini yeye aliendelea kushikiliwa. Aliachiwa mwezi Februari 2019, baada ya zaidi ya miezi miwili kizuizini na baada ya wachezaji na serikali kupaza sauti. Hebu tujiulize: asingekuwa mchezaji, nani angepaza sauti?

Haki za anayesakwa

Mtu akikamatwa kwa ombi la nchi nyingine, ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kupata wakili, na kufikishwa mbele ya hakimu. Sheria za Kenya na za Tanzania kuhusu kurudisha watuhumiwa zinataka shauri lisikilizwe mahakamani kwanza, na zote zinakataza kumrudisha mtu kwa kosa la kisiasa. Polisi wakimvusha mtu mpaka usiku kimyakimya, huko si kumrudisha kwa sheria.

Pili, kama mtu ni mkimbizi au ameomba hifadhi, aseme hivyo mapema na aonyeshe karatasi zake. Sheria ya kimataifa ya wakimbizi inakataza kumrudisha mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini.

Tatu, mtu anaweza kuiandikia tume huru inayokagua mafaili ya Interpol. Anaweza kuuliza kama kuna habari zake, na kuomba zisahihishwe au zifutwe. Halipi chochote, na si lazima awe na wakili. Akiuliza tu, tume inatakiwa kumjibu ndani ya miezi 4 tangu ombi lipokewe rasmi. Akiomba zifutwe, ni miezi 9. Lakini ombi lazima liandikwe kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania au Kiarabu. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo asiyejua lugha hizo atafute msaada wa kisheria, au mtu anayemwamini amwandikie.

Nne, kukosa jina lako katika orodha iliyo wazi kwa watu wote hakuna maana kwamba hakuna notisi. Notisi nyingi huonwa na polisi tu. Ndiyo maana njia ya kuiandikia tume ina faida.

Na la mwisho, linalomhusu kila mwenye simu. Wapo matapeli wanaotuma ujumbe wakijifanya Interpol, wakidai unasakwa na ulipe fedha jina lako lifutwe. Interpol haimtumii mwananchi ujumbe wa kumdai fedha. Ukiupata ujumbe huo usilipe, usitume namba yako ya siri wala picha ya kitambulisho. Kauonyeshe kituo cha polisi.

Tulichobaki nacho

Beit al-Ajaib aliyoijenga Barghash bado iko Forodhani, ingawa sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba 2020 na kuua watu. Mnara uliokuwa mbele yake uliharibiwa na mizinga ya mwaka 1896. Wageni huonyeshwa mahali hapo na kusimuliwa habari ya vita vifupi kuliko vyote duniani. Ni mara chache husimuliwa habari ya lango la bustani.

Sisi tunaona lango lile linastahili kukumbukwa. Khalid alishindwa vita, akapoteza kiti, na mwishowe akapoteza hata ulinzi aliopewa. Lakini kwa siku 36, dola yenye nguvu kuliko zote za wakati ule ilisimama nje ya uzio na haikuweza kumgusa mtu mmoja, kwa sababu iliwahi kuweka saini yake kwamba mtu wa siasa hakabidhiwi. Siku utakaposikia kwetu redioni kwamba fulani anasakwa na dunia nzima, usiishie kwenye jina lake. Sikiliza pia nani anamsaka, kwa kosa gani, na kama amepata nafasi ya kusikilizwa.